Skana Haishiki? Usikimbilie Antena Kubwa

Mpwa wangu anaishi Houston, Marekani. Alipokuja likizo, katikati ya viatu vya watoto na chupa za losheni alikuwa amebeba kidude cheusi chenye antena fupi ya mpira, mfano wa redio koli za walinzi. Tulikuwa tumekaa barazani kwangu Tabata, akakiweka mezani kando ya vikombe vya chai.

"Mjomba, hii ni skana ya redio. Kule kwangu inakatakata. Nikaifungia antena kubwa, ikazidi kuwa mbaya. Hapa Dar ndiyo haishiki kitu kabisa. Nadhani nimeuziwa feki."

Haikuwa feki. Nimetengeneza redio koli kwa miaka mingi, na neno hilo "haishiki" nalisikia karibu kila wiki: kwa mlinzi wa ghala kule Barabara ya Nyerere, kwa msimamizi wa hoteli, kwa jirani mwenye redio ya kusikilizia mpira. Wakishalitaja, wengi huongeza ombi lilelile: "Fundi, nitafutie antena kubwa." Kinachoniumiza ni kuona watu wanatoa hela, wanapanda mapaa, wanatoboa kuta, halafu redio inabaki vilevile au inazidi kuharibika. Kusema "haishiki" ni kama kumwambia daktari "tumbo linauma". Bado hujautaja ugonjwa.

Kwa redio, magonjwa makubwa ni matatu. Mawimbi hayafiki. Au yanafika mengi kupita kiasi mpaka yanailemea redio. Au yanafika vizuri tu, ila redio haiyaelewi. Dawa ya ugonjwa wa kwanza inaweza kuwa sumu kwa wa pili, na kwa wa tatu ni hela iliyotupwa. Nataka tuyatenganishe taratibu, kwa sababu ukishayatenganisha, kazi kubwa unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani bila kununua chochote.

Dirisha namba tatu

Tuanze na kifaa chenyewe. Skana ninayoizungumzia si ile ya kuskani vyeti kwenye duka la stesheneri. Ni redio ya kupokea tu; haiwezi kurusha sauti. Redio ya kawaida inakaa kwenye stesheni moja mpaka uibadilishe. Skana inapita haraka haraka kwenye orodha ya masafa, ikikuta mtu anaongea inasimama, akinyamaza inaendelea na safari. Masafa ni zile namba unazozisoma kwenye redio ya FM, kati ya 88 na 108. Hizo ni megahezi, na kila mtumiaji wa redio hewani ana zake.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Zimamoto walikuwa na masafa yao, watu wa maji yao, watu wa barabara yao. Ukijua namba, umemaliza. Ubaya wa mpangilio huo unaujua kama uliwahi kupanga foleni benki enzi za kila dirisha na mstari wake. Mbele yako yuko mtu mwenye mfuko wa sarafu, keshia wa dirisha la pili amekaa tu hana mteja, na wewe ukihama utaanza mwisho wa mstari. Masafa nayo yalikuwa hivyo: idara moja inagombania chaneli, ya jirani chaneli yake imelala siku nzima.

Siku hizi ukiingia benki unachukua namba, unakaa. Sauti inaita: "Mteja namba mia moja na kumi na mbili, dirisha namba tatu." Hujali ni dirisha lipi, mradi uhudumiwe. Mfumo wa redio wa tranki unafanya kazi kwa namna hiyo hiyo, na jina lisikuchanganye, halihusiani na tranka la mwanafunzi wa bweni. Chaneli kadhaa zinawekwa kwenye kapu moja la wote. Moja kati ya hizo haibebi mazungumzo. Kazi yake ni kuita namba usiku na mchana: kundi la zimamoto nendeni chaneli ya nne, kundi la barabara nendeni ya saba. Mimi naiita chaneli kiongozi. Hesabu ya kujua chaneli ngapi zinatosha watu wangapi ilianzia kwenye simu kabla ya kufika kwenye redio. Agner Krarup Erlang wa Denmark aliandika kuhusu msongamano wa simu mwaka 1909, na wahandisi wa mitandao hadi leo wanapima msongamano kwa kipimo chenye jina lake.

Ukiweka skana ya zamani kwenye mfumo wa namna hii, ni kama mtu aliyesimama mbele ya dirisha namba tatu ametega sikio. Atasikia nusu ya habari ya mkopo wa huyu, kisha nusu ya habari ya kadi iliyopotea ya yule. Ndiyo maana zikatengenezwa skana zinazomsikiliza kiongozi kwanza, kisha zinalifuata kundi moja popote linakopelekwa. Kampuni ya Uniden walitoa ya kwanza ya aina hiyo kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 1997.

Lishike hili, maana mengi yanayofuata yanalitegemea: skana ya tranki ikishindwa kumsikia kiongozi, inanyamaza, hata kama mazungumzo yenyewe yanapita pale pale yakiwa na nguvu tele. Mteja asiyesikia mwito atakaa benki mpaka jioni, madirisha yote yakiwa wazi. Kwa hiyo unapoichunguza skana ya tranki usianze na sauti. Isimamishe kwenye chaneli kiongozi usome vitu viwili kwenye kioo: nguvu ya mawimbi, ile milia kama ya simu, na kiwango cha makosa ya data. Nguvu ikiwa ndogo, mawimbi hayafiki. Nguvu ikiwa kubwa na makosa yakawa mengi, antena kubwa haitakusaidia kitu, na pengine ndiyo inayokuumiza.

Redio isiyojua lugha

Shida ya Tabata tuliimaliza kabla chai haijapoa. Nilimwambia mpwa wangu aiweke kwenye masafa ya FM. Ikatoa taarabu safi kabisa. Basi redio nzima, antena inapokea, spika inafanya kazi. Jaribio hilo dogo nalipenda kwa sababu linaondoa hofu ya ufeki kwa dakika moja.

Tukatazama sasa redio imeagizwa kusikiliza nini. Skana za aina yake zinakuomba namba ya posta ya mtaa wako wa Marekani, kisha zinajijazia zenyewe mifumo ya eneo hilo kutoka kwenye hifadhi iliyomo ndani, na hifadhi hiyo ina Marekani na Kanada. Mtu yuko Tabata, redio yake inatafuta minara ya Houston. Hakuna antena inayoweza kufika huko.

Hata angeijaza masafa mengine, lipo suala la lugha. Mifumo ya tranki ya kidijitali haiongei lugha moja. Marekani idara za dharura zinatumia zaidi P25. Ulaya walijenga TETRA, inayopitisha mazungumzo manne kwa zamu ndani ya chaneli moja ya kilohezi 25. Ipo na DMR, iliyotolewa nayo Ulaya mwaka 2005 na kuenea sana kwenye makampuni, inayopitisha mawili ndani ya kilohezi 12.5. Skana ya soko la Marekani inaelewa P25, baadhi zinaelewa na DMR, ila TETRA kwa kawaida haziijui kabisa. Mtu akiongea Kihaya na wewe hukijui, ukimsogelea utasikia kwa sauti kubwa zaidi kile kile usichokielewa. Kuongeza antena ni kusogea tu.

Kuna imani nyingine mitaani kwamba skana ya bei kali "inafungua kila kitu". Haifungui. Mazungumzo yaliyofungwa kwa msimbo yanahitaji ufunguo ulioko ndani ya redio za wenyewe, na skana ya dukani haina ufunguo huo, iwe ya laki tano au ya milioni mbili. Inachotoa ni ukimya, au mlio wa kukoroma ambao watu wanaudhania ni usikivu mbovu. Nimewahi kuona mtu anabadilisha waya mara mbili kwa ajili ya mlio huo.

Na niseme wazi kwa anayesoma akiwa hapa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila ruhusa, na vifaa vya redio pamoja na masafa vinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Marekani, kwa ujumla, kusikiliza zimamoto au polisi ambao hawajafunga mazungumzo kwa msimbo kunaruhusiwa, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti, hasa skana ikiwa ndani ya gari. Kinachoruhusiwa Houston hakiji kwenye begi kikawa halali Tabata. Nilimwambia mpwa wangu aizime mpaka arudi, naye alikubali.

Ila magonjwa mawili yaliyobaki yanakuhusu hata kama hutashika skana maisha yako yote. Redio koli za kampuni yako zenye leseni, redio ya FM ya jikoni, king'amuzi cha antena: vyote vinaumwa hivyo hivyo.

Mawimbi yasiyofika

Urefu wa antena unafuata masafa, haufuati ukubwa wa pochi. Antena fupi ya kawaida inataka kuwa robo ya urefu wa wimbi, na hesabu yake ni rahisi: gawanya 75 kwa megahezi, jibu ni mita. Kwa FM ya 100 ni sentimita 75. Kwa redio koli za megahezi 150 ni sentimita 50. Kwa 450 ni karibu sentimita 17, na kwa mifumo ya 850 kama ile ya Marekani ni karibu sentimita 9. Ukiona mtu anajivunia fimbo ya mita moja kwenye redio ya megahezi 850, jua amenunua antena ya kazi nyingine.

Halafu isimamishe. Mawimbi ya redio za mawasiliano yamesimama wima kwa sababu antena za minara yake zimesimama wima. Antena ya mifupa ya samaki ya TV ambayo vijiti vyake vimelala inapoteza sehemu kubwa mno ya mawimbi hayo, pengine 99 kwa 100, mpaka uizungushe vijiti vielekee juu. Walinzi wengi wana tatizo hili bila kujua: redio imening'inia kiunoni, antena imeegemea nyonga, na mwili wa mwanadamu, uliojaa maji, umekaa katikati ya redio na mnara. Kabla ya kulalamika kwamba redio haishiki, itoe kiunoni, isimamishe usawa wa uso.

Nyumba zetu nazo zina mchango. Bati linarudisha mawimbi, kwa hiyo antena iliyofichwa darini chini ya mabati iko gizani. Ukuta wa zege wenye nondo unapunguza sana. Kimo kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, lakini kwa hesabu yake: antena iliyo mita 5 juu ya ardhi tambarare inaona upeo wa kama kilomita 9, na ili uongeze upeo huo mara mbili inabidi uipandishe mara nne, mpaka mita 20. Ndiyo maana mtu wa Goba au Kimara, aliyeko mlimani, anafurahia redio ileile ambayo mwenzake wa bondeni Jangwani anaitukana.

Sasa waya. Hapa ndipo hela nyingi za watu zinapotelea, na sijui kwa nini hakuna anayeuliza. Mtu ananunua antena nzuri, anaipandisha ghorofani, anateremsha mita 30 za waya mwembamba aina ya RG-58 kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Kwenye megahezi 850, waya huo kwa urefu huo unameza zaidi ya desibeli 10, yaani kinachofika chini hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya kilichoshikwa juu. Umechota ndoo kisimani, umefika nyumbani na kikombe. Waya wa king'amuzi, RG-6, unaopatikana Kariakoo kwa bei ya kawaida, kwa urefu huo huo unafikisha karibu robo. Mafundi wengine wanawatisha watu kwamba waya wa TV ni wa omu 75 na redio inataka 50, kwamba "itaungua". Kwa redio ya kupokea tu, hasara ya tofauti hiyo ni ndogo mno, huwezi kuisikia. Kwa redio inayorusha ni habari nyingine, huko fuata maelekezo ya mtengenezaji.

Na kwa sisi wa pwani, adui mkubwa hatoki angani, anatoka baharini. Chumvi. Antena iliyofungwa Msasani, Kunduchi au Kigamboni bila kuziba maungio inaweza kushika vizuri mwezi wa kwanza, ikaanza kuzeeka wa sita. Fungua ungio. Ukikuta rangi ya kijani kwenye shaba, au nyuzi za ndani ya waya zimekuwa nyeusi, maji yamekwisha kuingia, na kusafisha kwa msasa hakutoshi: kata mpaka ukute shaba inayong'aa, funga kichwa kipya, kisha kizungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe na juu yake utepe wa kawaida. Kabla waya haujaingia dirishani upinde kidogo kwenda chini, ili maji yadondokee pale badala ya kufuata waya mpaka ndani. Kazi hiyo ifanye kabla ya masika. Malalamiko ya "ilikuwa inashika, sasa haishiki" ninayoyapata Mei, mara nyingi nayakuta kwenye ungio la nje.

Siku umeme ukikatika

Kuna mawimbi yanayofika vizuri yakafunikwa na kelele za nyumbani kwako mwenyewe. Chaja ya simu ya bei rahisi, taa ya LED, kibadilisha umeme cha sola, chaja ya laptopu: vyote hivi vinakata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipande kinarusha uchafu hewani. Vilivyotengenezwa vizuri vina kichujio ndani. Vya bei ya kutupwa, kichujio hicho ndicho kinachokuwa cha kwanza kuachwa kiwandani.

Namna ya kujua haina gharama. Iweke redio kwenye betri, nenda kwenye swichi kuu, zima umeme wa nyumba nzima, sikiliza. Kelele ikiondoka, mwizi yuko ndani. Washa swichi moja moja mpaka umkamate. Ikibaki, subiri siku umeme umekatika mtaa mzima, uwashe tena redio kwa betri. Mtaa ukiwa kimya na redio ikasafika, basi kelele inatoka kwa jirani. Siku kama hizo mimi hutoka na redio yangu barazani kwa makusudi, nisikie anga ya Tabata ikiwa safi.

Yakizidi

Ugonjwa wa pili ndio watu wanaoukataa zaidi: mawimbi kuwa mengi mno. Fikiria uko kwenye sherehe mtaani, umekaa chini ya spika, na bibi yako anakunong'oneza. Bibi hajakosea. Sikio lako limejaa. Skana nayo ina mlango mpana, inapokea masafa mengi kwa wakati mmoja kabla haijachagua moja. Mnara wa stesheni ya FM ukiwa jirani, au antena za simu kwenye jengo la pili, nguvu zake zinajaza mlango, na yale mawimbi dhaifu uliyoyakusudia yanakosa pa kupita. Dalili zake zinafahamika: unasikia muziki wa FM mahali usipostahili kuwa, au masafa yanayojulikana kuwa matupu yanaonyesha nguvu, au redio inashika vizuri zaidi ukiondoa antena ya nje na kurudisha ile fupi.

Hapo ndipo booster inapomaliza kazi. Kikuza mawimbi hakichagui, kinakuza bibi na spika kwa pamoja. Kina mahali pake, kwenye antena yenyewe juu, waya ukiwa mrefu na eneo likiwa mbali na minara mikubwa, kwa sababu hapo kinatangulia hasara ya waya. Kikifungwa chini, kando ya redio, kinakuza kikombe kilichobaki pamoja na uchafu wake. Katikati ya jiji kama Posta au Kariakoo, mara nyingi ninakiondoa na redio inapona.

Skana nyingi zina kitufe kilichoandikwa ATT. Watu wanakiogopa kwa sababu kinapunguza nguvu. Kibonyeze. Mazungumzo yakisafika, umepata jibu lako bila kutoa hata shilingi mia. Kama kelele inatoka FM, kuna kichujio kidogo cha kuzuia 88 hadi 108, kinafungwa kati ya antena na redio.

Minara pacha ya Houston

Nimeiacha ya Houston mwishoni kwa sababu ndiyo ngumu, na ndiyo iliyomfanya mpwa wangu aongeze antena akapoteza hata kile kidogo.

Kwanza ujue tabia ya kidijitali. Wenye umri wanakumbuka TV za zamani: mawimbi yakipungua, picha inakuwa na chenga, bado mpira unaonekana. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, tukajifunza tabia mpya: picha safi, safi, safi, kisha imeganda. Kidijitali hakina chenga, kuna kupata na kukosa. Redio ya P25 iko hivyo hivyo. Sauti inakatika maneno, inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, kisha kimya. Masikio yetu yamezoea kwamba kukatika maana yake ni udhaifu, kwa hiyo mkono unakwenda kwenye antena.

Sasa miji mikubwa ya Marekani hutumia minara mingi inayorusha jambo lile lile, kwa masafa yale yale, kwa wakati mmoja, ili askari wa zimamoto asikike hata akiwa ndani ya jengo. Naiita minara pacha. Kama umewahi kwenda kwenye mkutano wa hadhara viwanja vya Jangwani, spika zimefungwa kwenye nguzo kila baada ya umbali fulani, unajua kinachotokea ukisimama katikati ya mbili. Msemaji ni mmoja, maneno ni yale yale, lakini sauti ya spika ya mbali inachelewa. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mbali zaidi kwa mita 34 inachelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Maneno yanakanyagana. Hakuna spika iliyo dhaifu, zote zina nguvu, na huelewi kitu. Ukisogea kwenye nguzo moja, unaelewa.

Mawimbi ya redio yana kasi kubwa sana, mita 300 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde, lakini P25 inarusha alama 4,800, yaani vipande vidogo vya data, kwa sekunde, kila alama inaishi kama sehemu 208 za milioni ya sekunde. Mnara mmoja ukiwa mbali zaidi ya mwenzake kwa kilomita 15, wimbi lake linachelewa sehemu 50, karibu robo ya alama nzima. Alama ya jana inaikanyaga ya leo. Nguvu kwenye kioo imejaa, makosa ya data yamejaa pia. Redio za idara zenyewe zimeundwa kuvumilia mkanyagano huo. Skana za miaka mingi hazikuundwa hivyo, mpaka mwaka 2018 Uniden walipotoa SDS100 yenye mpokeaji wa namna tofauti ambaye anaweza kuyachambua mawimbi hayo vizuri zaidi. Bei yake si ndogo.

Antena kubwa ya mpwa wangu, iliyofungwa kwenye veranda ya ghorofa ya nne, ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu: iliiletea skana minara yote kwa pamoja. Kabla yake ilikuwa inasikia mmoja na nusu, sasa inasikia mitatu. Dawa ni kinyume cha anachofikiri kila mtu. Tafuta mahali ambapo mnara mmoja tu ndio mkubwa na mingine imefichika. Tumia antena fupi. Bonyeza ATT. Tumia ukuta wa jengo, jokofu, hata mwili wako kuzuia upande mmoja. Ukiwa na antena inayoelekea upande mmoja, usiielekeze tu penye nguvu zaidi, izungushe polepole huku unasoma makosa ya data, na uisimamishe pale makosa yanapopungua, hata kama milia ya nguvu imepungua nayo. Wakati mwingine hatua mbili tu ndani ya chumba zinabadilisha kila kitu.

Alirudi Houston. Wiki ya pili akanitumia ujumbe: "Shikamoo Mjomba. Nimetoa ile kubwa. Nimeweka fupi, upande wa jikoni, nyuma ya jokofu. Makosa yamekaribia sifuri, zimamoto nawasikia mwanzo mpaka mwisho. Ila kuna makundi manne skana inasimama kisha kimya, kioo kinaandika ENC."

Hayo manne yamefungwa kwa msimbo. Nilimjibu atumie kitufe cha kuyaruka, ili skana isipoteze muda kusimama kwenye dirisha lililofungwa wakati kiongozi anaita namba nyingine.